Shangazi, mume wangu hamalizi udhu wala swala

Shikamoo shangazi,

Nimeolewa na mume mwema, mchapakazi, asiye na ugomvi na mtu. Tatizo letu ni ibada, na hata kuandika hivyo kunanitia hofu. Zamani alitawadha na kuswali kama watu wote. Tangu mtoto wetu wa pili azaliwe, akiingia kutawadha hatoki. Bomba linatiririka, anaosha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, halafu anarudi vidoleni. Akifika miguuni anasema hana hakika kama maji yamepita kati ya vidole, anaanza upya. Akisimama kwenye mswala anasema "Allahu Akbar", anashusha mikono, anaipandisha tena, mpaka koo linamkauka. Kisha ananiita: "Umenisikia? Nimetamka sawasawa?" Nikimwambia ndiyo anatulia kidogo, halafu anauliza lile lile kwa maneno mengine. Usiku ananiamsha kuniuliza kama nilimwona akipaka maji kichwani.

Msikitini haendi tena, anaona haya kutazamwa. Kazini ameshapewa barua ya onyo kwa kuchelewa. Na juzi aliniambia, huku analia, kwamba akiwa kwenye sijda humjia maneno na picha chafu juu ya Mwenyezi Mungu. Anaamini ameshakufuru na ndoa yetu imevunjika.

Mama mkwe anasema mwanawe ni mcha Mungu, nisimsumbue. Shemeji anasema ana jini. Rafiki yangu anasema dini ndiyo iliyomharibu, aache kuswali kwa muda. Mimi naogopa: nikimkatiza, si nitabeba dhambi ya swala yake? Na nikiendelea kumjibu, namsaidia au namwangamiza?

Mke aliyechoka

*

Marahaba, mwanangu.

Unayoyaeleza yana jina na yana tiba. Ni wasiwasi wa ibada, tawi mojawapo la ugonjwa ambao hospitalini huandikwa kwa herufi tatu, OCD. Wazo lisilotakiwa linamvamia mtu na kumtia hofu kali. Anafanya tendo fulani ili hofu ishuke. Inashuka kidogo, kisha wazo linarudi na nguvu mpya. Takriban watu 2 katika kila 100 huupata wakati fulani maishani. Kuna unaowashika kwenye uchafu na kunawa, kuna unaowashika kwenye kufuli na jiko, na kuna unaowashika kwenye ibada. Madaktari huuhesabu kuwa ugonjwa pale mawazo na marudio hayo yanapokula zaidi ya saa 1 kwa siku, au yanapovuruga kazi, usingizi na maisha ya nyumbani. Mumeo ameshavuka mpaka huo. Kwa watu wazima huanza au kuzidi nyakati za majukumu mapya, na kupata mtoto ni mojawapo, kwa baba pia.

Kuhusu dhambi unayoiogopa: humzuii kuswali, unakataa kushiriki katika kurudia. Kila nafsi hubeba mzigo wake. Ukitaka kutuliza moyo wako, muulize sheikh mnayemwamini, lakini muulize mara moja tu, maana hofu ya aina hii huambukizana ndani ya nyumba.

Mama mkwe anasema kwa mapenzi, na si rahisi kwa jirani au ndugu kuona tofauti kwa nje. Kwa karibu tofauti inaonekana. Mcha Mungu hufanya dini ilichotaka. Mumeo anapita dini ilichotaka, mpaka anaingia katika ilichokataza. Kiungo huoshwa mara 3 kwa wingi, na israfu ya maji imekatazwa hata katika udhu. Pili, jicho lake limeganda kwenye jambo dogo, nafasi kati ya vidole vya miguu, huku makubwa yanampita: swala inatoka nje ya wakati, swala ya jamaa msikitini ameiacha, kazi iko hatarini. Tatu, ibada haimpi utulivu hata kidogo. Na ukimuuliza siku ametulia, atakuambia mwenyewe kwamba anajua imezidi kiasi, ila hawezi kuacha. Ucha Mungu haumtesi mtu hivyo.

Rafiki yako naye amekosea, ingawa hakuwa wa kwanza. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1907 kwamba kuna ufanano kati ya ibada na marudio ya wagonjwa wa namna hii, na tangu hapo wengine wamedhani dini ndiyo mama wa ugonjwa. Wasio na dini huugua vilevile. Ugonjwa huu hushika kile mtu anachokithamini kuliko vyote. Mama anayempenda kichanga chake humletea picha za kukidhuru, na muumini humletea picha za kumtukana Mola wake. Dini huupa ugonjwa maudhui yake, haiuzai. Kinachoweza kuongeza makali ni namna mtu alivyofundishwa kumwona Mungu. Anayemwona kama mvizia makosa, au aliyefundishwa kwamba kuwaza dhambi ni sawa na kuitenda, humpa wasiwasi pa kushika. Lakini kumwambia mumeo aache kuswali ni kumfundisha kukimbia, na hofu inayokimbiwa hukua. Atabaki na wasiwasi ule ule, na juu yake ataongeza hatia ya kuacha swala.

Nikae kidogo kwenye yale mawazo ya sijdani, kwa kuwa ndiyo yanayomuumiza zaidi na ndiyo asiyoweza kumwambia mtu. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva waliwauliza watu wazima wasio na ugonjwa wowote kama huwa wanajiwa na mawazo ya ghafla, machafu au ya kutisha, wasiyoyataka. Karibu 8 katika kila 10 walisema ndiyo. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2014 uliwahoji wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, na takriban 94 katika kila 100 walikuwa wamejiwa na wazo la namna hiyo ndani ya miezi 3 iliyopita. Kwa hiyo wazo lenyewe si ugonjwa, na halielezi moyo wa mtu ulivyo. Wengi wetu huliona, hushtuka, huliacha lipite. Mumeo analiona kuwa hukumu: nimewaza, kwa hiyo nimesema, nimesema, kwa hiyo nimekufuru. Hapo anaanza kulifukuza, na kulifukuza ndiko kunakolirudisha. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alionyesha jambo hili mwaka 1987 kwa jaribio jepesi. Aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa.

Katika mapokeo ya Kiislamu jambo hili si geni hata kidogo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba masahaba walimwendea Mtume wakamweleza kuwa wanakuta nafsini mwao mambo mazito wasiyothubutu kuyatamka, naye akawaambia kuchukizwa kwao huko ndiyo imani iliyo wazi. Imepokewa pia kwamba umma huu umesamehewa yale nafsi inayonong'ona, maadamu mtu hakuyatenda wala kuyasema. Tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika mlango mzima juu ya wasiwasi katika kitabu chake cha afya ya mwili na nafsi, akauweka kando na huzuni, hasira na hofu nyingine, karne nyingi kabla ya madaktari wa leo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema huu ni ugonjwa uliobuniwa juzi, usimsikilize.

Kwa nini kurudia hakumpi yakini? Watafiti wawili wa Uholanzi, van den Hout na Kindt, walichapisha mwaka 2003 majaribio ambayo kila familia yenye mgonjwa huyu ingefaa kuyajua. Watu wazima wenye afya waliambiwa wawashe na kuzima jiko la gesi lililochorwa kwenye kompyuta, kisha walikague, mara 20 mfululizo. Mwishoni kumbukumbu yao ya jiko lipi walilikagua mara ya mwisho ilikuwa sahihi kama ya wenzao ambao hawakulikagua mara nyingi. Kilichoporomoka ni imani yao katika kumbukumbu hiyo: ilikuwa hafifu, haina picha, wakawa hawajiamini. Yaani kukagua ndiko kulikozaa shaka. Mumeo akirudi mara ya 6 kwenye vidole vya mguu, anajiongezea sababu ya kurudi mara ya 7. Hakuna idadi ya marudio itakayomfikisha kwenye hakika anayoitafuta, hivyo tiba haiitafuti hakika hiyo. Tiba ni kuiacha shaka ikae bila kuihudumia.

Sasa tuje kwako, maana hapa ndipo watu wa nyumbani hukosea kwa huruma. Unapomjibu "ndiyo, nimekusikia", hofu yake inashuka kwa dakika chache, na ubongo wake unajifunza kwamba hatari ilikuwa ya kweli na jibu lako ndilo lililomwokoa. Kesho atauliza mapema zaidi. Ni sawa na kukuna upele, raha ya sasa hivi na kidonda cha kesho. Familia zilipochunguzwa, ilionekana kwamba pale nyumba inaposhiriki zaidi katika marudio ndipo dalili huwa kali zaidi. Na kushiriki si kujibu tu. Kumhesabia rakaa, kusimama mlangoni akitawadha, kuwanyamazisha watoto asichanganyikiwe, kumpigia simu mkuu wake wa kazi na kusema anaumwa tumbo, yote hayo yamo.

Usikate ghafla. Chagua saa mmetulia, mbali na wakati wa swala, useme wazi: "Mume wangu, nimeona majibu yangu yanaulisha huu wasiwasi. Sitaki kuulisha tena. Tuchague swali moja tuanze nalo." Chagueni moja kweli, kwa mfano lile la takbiri, na kwa wiki ya kwanza mengine endelea kuyajibu kama kawaida. Kubalianeni maneno utakayotumia, na ni vizuri zaidi akiyachagua yeye. Kwa mfano: "Hilo ni swali la wasiwasi. Najua linauma. Tulikubaliana sitalijibu." Liseme mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha endelea na kazi uliyokuwa nayo. Usimhutubie, usimthibitishie kwa mlango wa nyuma kwa kusema "unajua mwenyewe jibu". Angalia na uso wako: atakutazama kwa makini baada ya takbiri, na ukitikisa kichwa kidogo tu ameshapata alichokuwa anakitafuta.

Siku za mwanzo atauliza zaidi, atabadilisha maneno, huenda atakasirika au kukulaumu kwamba hujali akhera yake. Hilo hutokea kwa wengi, na ndipo wake na waume wengi hushindwa. Ukistahimili mara 9 ukajibu ya 10, umemfundisha kwamba bei ya jibu ni kuuliza mara 10. Ukiteleza, usimalize siku yote ukijibu. Sema tu, "Nimejibu, swali lijalo silijibu," uendelee. Swali la takbiri likishapungua, labda baada ya wiki 1 au 2, ongeza la pili, na lile la kukuamsha usiku lisichelewe sana, kwa sababu usingizi wako ndio unaobeba nyumba. Swali la kawaida unalitambua: huulizwa mara moja, jibu likatosha. Hilo mjibu.

Upande wake yeye, tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa kuliko zote ni ya kuikabili hofu huku mtu akijizuia kufanya marudio. Ilianza kuandikwa London mwaka 1966 na mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyeeleza wagonjwa wawili, mmoja akiwa anaandamwa na mawazo ya kukufuru. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20, kila kimoja dakika 60 hadi 90, na mazoezi ya nyumbani kila siku katikati ya vikao. Mtafute mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili aliyejifunza tiba hiyo hasa. Muulize waziwazi kama huwapa wagonjwa mazoezi ya kukabili hofu bila marudio. Ukiona vikao vyote ni vya kumhakikishia kwamba hajakosa, badilisheni, kwa sababu huyo anafanya kwa malipo kile unachokiacha wewe bure.

Tiba nzuri haimlazimishi muumini kutenda dhambi. Haambiwi aswali bila udhu au atamke kufuru. Anaambiwa atawadhe kama watu wengine wanavyotawadha, na abebe shaka inayobaki. Mkiwa mnasubiri miadi, haya mnaweza kuyaanza.

Bomba lifungwe. Udhu uwe wa chombo kilichopimwa. Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni takriban robo tatu ya lita, kwa hiyo lita 1 ni neema. Kwa mtu aliyezoea maji ya bomba kwa nusu saa, anzeni na lita 2 kwa wiki ya kwanza, kisha moja na nusu, kisha 1. Kila kiungo mara 3, kwa mpangilio, bila kurudi nyuma. Maji yakiisha, udhu umekwisha. Saa iwekwe mahali anapoiona, na lengo liwe dakika 5. Angalia yanapoharibika: anajaza chombo kwa siri, au anatumia lita moja kwa dakika 25 akidondosha tone moja moja, au anamaliza vizuri kisha anakaa kitandani akikagua vidole kwa tochi ya simu. Hayo ni marudio vilevile. Kuuliza mitandaoni usiku kucha, akifungua fatwa baada ya fatwa, kumo humo.

Akitoka hapo hofu itakuwa juu. Mpe kipimo cha 0 hadi 100, ataje namba. Huenda akasema 80. Asisubiri ishuke, aende nayo mswalani. Akitaka neno la kujiambia, liwe la namna hii: "Huenda kuna kasoro, huenda hakuna, naswali hivyo hivyo." Litamuuma kuliko "udhu wangu ni sahihi kabisa", na kwa sababu hiyo ndilo linalotibu, maana lile la pili ni uthibitisho aliojipa mwenyewe. Akirudia siku nyingi, ile 80 huanza kuwa 60, 40, japo kuna siku itapanda bila sababu ya kuonekana. Andikeni namba hizo kwenye daftari pamoja na dakika za udhu. Daktari atazihitaji kuliko maelezo marefu.

Takbiri: nia mahali pake ni moyoni, na kujua anakwenda kuswali adhuhuri kunatosha. Aseme takbiri mara moja, mikono ikishatua kifuani isipande tena. Kumrudisha msikitini nyuma ya imamu kunasaidia sana, kwa sababu mwendo wa swala haumo mikononi mwake: imamu akirukuu, naye anarukuu. Asimame safu ya nyuma kwanza kama anaona haya. Ila ahadi iwe kwamba akitoa salamu anaondoka. Akibaki nyuma kuirudia swala ile ile peke yake, faida yote imemwagika.

Wazo chafu likija sijdani, asilijibu. Asilifute kwa istighfari za haraka haraka, asirefushe sijda mpaka liondoke, asikatishe swala. Aseme tasbihi zake 3 na ainuke, hata kama wazo lipo palepale. Istighfari ni ibada nzuri. Inapotumika kama kifutio baada ya kila wazo imegeuka kuwa tendo la ugonjwa. Marudio ya ndani ya kichwa ndiyo magumu kuyakamata, kwa sababu wewe huyaoni, na mara nyingi yanachukua nafasi ya yale ya nje pale mnapodhani mmeshinda. Muulize kwa upole kila wiki, si kila swala.

Sheikh ana nafasi kubwa hapa, na ningependa daktari na sheikh wazungumze, mumeo akiridhia. Achaguliwe sheikh mmoja, mwenye elimu na upole, aelezwe kwamba huyu ni mgonjwa wa wasiwasi. Ziko kanuni anazozijua vizuri: kwamba yakini haiondolewi na shaka, kwamba anayehisi ametokwa na upepo haondoki kwenye swala mpaka asikie sauti au apate harufu, kwamba aliyezidiwa na wasiwasi huelekezwa aipuuze shaka yake. Swali la ndoa na la kukufuru lijibiwe hapo hapo, mara moja. Mumeo ayaandike majibu yote kwenye karatasi moja, sheikh ayapitie, na mlango ufungwe: hakuna kumpigia simu kesho kuuliza lile lile kwa maneno mengine, hakuna kwenda kwa sheikh wa pili. Hata hiyo karatasi ina hatari yake. Akianza kuisoma kabla ya kila swala, au akikuomba umsomee, imeshageuka kuwa swali jingine la wasiwasi. Ifungieni kabatini.

Wakristo hutuandikia shida hii hii kwa sura ya kuungama tena na tena dhambi zilizokwisha kuondolewa, au hofu ya kumkufuru Roho Mtakatifu. Dawa haitofautiani. Ignasi wa Loyola, mtakatifu aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, mwaka 1522 akiwa Manresa huko Hispania, aliteswa na kuungama yaliyopita mpaka akajiwa na mawazo ya kujiua. Kilichomfungua ni uamuzi wa kutoyaungama tena yale ya zamani. Katika Kanisa Katoliki mashauri ya kale kwa watu wa namna hii ni kushika padri mwungamishi mmoja na kumtii. Nalo lina sharti lile lile: padri asigeuzwe mtoa majibu wa kila jioni.

Dawa za hospitali zinasaidia wengi, hasa pale hofu inapokuwa kali mpaka mazoezi hayawezekani. Zinazotumika kwanza ni za kundi la fluoxetine, sertraline na fluvoxamine. Kwa ugonjwa huu mara nyingi huhitajika dozi kubwa kuliko ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na hazipimwi kwa siku chache: zinahitaji wiki 8 hadi 12 kwa dozi ya kutosha kabla ya kusema zimeshindwa. Wiki za mwanzo huenda akapata kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kuvurugika. Hamu ya tendo la ndoa nayo huweza kupungua, na ni vizuri mlijue hilo nyote wawili ili asiliongeze kwenye orodha ya makosa yake. Asiache ghafla hata akijisikia vizuri, apunguze kwa maelekezo ya daktari. Kama ni Ramadhani, daktari anaweza kupanga dozi moja kwa siku usiku.

Shemeji anataka kumsomea. Sina neno juu ya kumwombea mgonjwa, dua inafariji. Nina maneno makali juu ya mambo matatu: kumpiga au kumfunga kwa jina la jini, kumwachisha dawa, na kumpeleka kusomewa kila wiki mpaka kusomewa nako kuwe tendo la kutuliza hofu. Mumeo anajua mawazo hayo ni ya kichwani mwake mwenyewe na yanamchukiza. Angekuwa anasikia sauti ya mtu kutoka nje ikimwamrisha, au ana hakika kabisa kwamba ametumwa kufanya jambo, hiyo ingekuwa hali nyingine, na inahitaji daktari haraka. Haraka zaidi, siku hiyo hiyo, ni pale atakaposema hana haja ya kuishi, au kwamba afadhali afe kabla hajazidi kukufuru. Muulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mwende hospitali.

Kwa watoto, mkubwa mwambie kwa maneno mepesi kwamba baba ana ugonjwa wa hofu unaomfanya arudie mambo, anatibiwa, na si kazi yake kumjibu. Baba asiwatume kumwangalia akitawadha. Mtoto akianza kurudia udhu wake kama baba, usimkaripie wala usimkagulie. Mpimie maji kama mlivyompimia baba, na daktari aambiwe mapema.

Mwisho, jiandaeni kwa nyakati za kurudi nyuma: ugonjwa, msiba, mtoto mwingine, na hasa Ramadhani, wakati maswali ya mate yaliyomezwa, maji ya kusukutua na nia ya usiku yatakapojaribu kuchukua nafasi ya takbiri. Wiki 2 kabla ya mwezi kuandama, rudini kwa yule sheikh mmoja na maswali ya funga kwenye karatasi moja, yajibiwe, yafungiwe. Daftari lenu lifunguliwe tena, na ile sentensi yako ya kutojibu iwe tayari tangu daku ya kwanza.